Kwetu ni Kengeleni
Hotuba ya wanakwaya waliozaliwa na wakimbizi, siku ya Jubilii ya Dhahabu

 



Kamati ya Jubilii ilituomba sisi wanakwaya ambao wazazi wetu walikuja nchi hii kama wakimbizi tuseme maneno machache. Tuko tisa. Watano ni wa Kongo, wa Uvira, Fizi na Bukavu; wawili ni wa Burundi; wawili ni wa Rwanda. Tukisema "wa Kongo" na "wa Burundi" mtuelewe vizuri. Katika sisi tisa ni mmoja tu aliyewahi kuiona nchi ya wazazi wake, naye aliiona akiwa amefungwa mgongoni, ana miezi minane. Waliobaki tumezaliwa hapa hapa Mombasa. Hotuba hii tumeiandika pamoja, kwa kubishana, jioni tatu baada ya mazoezi. Mkiona inarukaruka, ni kwa sababu ina kalamu tisa.

Jumapili iliyopita Baba Vika alihubiri juu ya mwaka wa hamsini katika kitabu cha Mambo ya Walawi. Alitueleza kwamba mwaka huo tarumbeta ilipigwa nchi nzima, watumwa wakaachwa huru, na kila mtu akarudi kwa jamaa zake na katika shamba la baba zake. Yalikuwa mahubiri mazuri, na watu waliitikia. Lakini sisi tisa, tuliokuwa tumekaa viti mbalimbali, tulijikuta tunatazamana. Baada ya ibada mwenzetu mmoja wa sauti ya nne akauliza pale nje chini ya mwembe: "Sasa tarumbeta ikilia leo, wewe waenda wapi?"

Tulicheka. Halafu hakuna aliyemjibu. Haya tunayoyasema leo ni kujaribu kumjibu.

Tuanze na nyumbani. Mama wa mmoja wetu alifika Magongo mwaka 1998, vita vya pili vya Kongo vilipoanza. Siku ya pili alikwenda dukani, mtoto analia kwa kiu, akaomba "mayi". Mwenye duka akamfungia mayai mawili kwenye gazeti. Mama akasema hapana, mayi, ya kunywa. Mwenye duka akafikiri mgeni huyu anywa mayai mabichi, akamwongezea la tatu. Kwa Kiswahili cha kwao mayi ndiyo maji. Mambo yalikwisha kwa kuonyesha mtungi kwa kidole. Hadi leo mama huyo na mwenye duka ni marafiki, na huitana Mayai.

Wengi wetu tumekua na Kiswahili viwili. Cha nyumbani ni cha "mayi" na "moya" na "batoto", na cha shuleni na mtaani ni hiki. Mtu asidhani Kiswahili kilitupokea kwa urahisi kwa kuwa wazazi wetu walikuja nacho. Kiswahili ndicho kilichowafichua. Mtu wa lugha nyingine kabisa akikosea hapa Pwani husamehewa, kwa maana ajifunza. Lakini mtu anayesema Kiswahili kwa ufasaha wote, haraka, bila kusita, na bado hakifanani na cha hapa, huyo wanageuka kumtazama matatu nzima.

Na hapa lazima tuungame jambo, maana wazazi wetu wako hapa mbele, na hatujawahi kuliambia kanisa. Tuliwaonea haya. Tulipokuwa na miaka kumi, kumi na miwili, tukipanda nao gari kwenda mjini tuliwaambia wanyamaze. Tuliwaambia, "Mama, usiongee, nitaongea mimi." Mmoja wetu alimwambia mamake asije kwenye mkutano wa wazazi shuleni, alimwambia mwalimu kuwa mama ni mgonjwa. Mama alijua. Alikaa nyumbani siku hiyo, akaosha nguo ambazo zilikuwa safi.

Mzee mmoja wa Kisauni hutuambia kwamba sasa Kiswahili chetu ni kizuri kuliko cha watu wa Nairobi. Twamshukuru, ingawa hiyo, mzee, si sifa kubwa sana.

Swali la kwetu lilikuja kwa nguvu tulipofika kidato cha nne, wenzetu walipoanza kufuatilia vitambulisho. Wao walizungumza juu ya barua ya chifu na kitambulisho cha baba. Ukiulizwa kabila, utajibu nini? Ukiulizwa baba yako anatoka lokesheni gani? Mmoja wetu alirudi kwenye mazoezi siku hiyo, akakaa nyuma, hakufungua kinywa. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye wengi mwamjua, ambaye wazee wake ni watu wa misheni, akamwuliza ana nini. Alipoelezwa, hakumpa pole. Alisema, "Hata sisi tuliulizwa." Jumamosi iliyofuata akatuchukua wote, tukashuka Kengeleni.

Sote twapita Kengeleni. Makondakta hulitaja jina hilo mchana kutwa, na wengi tulikuwa hatujawahi kusimama kuitazama kengele yenyewe, pale kwenye nguzo zake, magari yakiizunguka. Tulisimama nayo saa nzima juani, naye akasimulia. Baadaye tulikwenda kusoma wenyewe, na tutawapa kwa ufupi tulichokishika, maana watoto wengi wa shule ya Jumapili hawajui kwamba hadithi hii ni ya mtaa wao.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani Barghash wa Unguja, na mwaka huo ukatiwa sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi. Sasa fikirini. Mtu umemtoa ndani ya jahazi katikati ya bahari. Yuko huru. Utamrudisha wapi? Wengi walikuwa watoto. Walikuwa wametolewa nchi za Wayao, Wanyasa, Wamakua na kwingineko, wakatembezwa wiki nyingi hadi pwani, na wengine hawakuweza kumwonyesha mtu yeyote njia ya kurudia. Basi Church Missionary Society ikamleta Mchungaji William Salter Price, ikanunuliwa ardhi hapa Kisauni, na kuanzia mwaka 1875 watu wale wakawa wanateremshwa hapa. Mahali pakaitwa Frere Town. Mwaka huu tunapotimiza miaka 50 ya kwaya, pale pamepita miaka 150.

Na Price hakujenga peke yake. Kulikuwa na Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani zaidi wakapelekwa India, wakalelewa na kusomeshwa kule Nasik. William Jones, Ishmael Semler na George David walikuwa wamekwisha kuletwa pwani hii tangu mwaka 1864. Jones alikuwa Myao. Alichukuliwa mtoto, akakulia India, akarudi Afrika katika nchi ambayo haikuwa yake, akahubiri kwa lugha ambayo haikuwa ya mama yake. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimfanya yeye na Semler kuwa mashemasi. Mwaka huo huo Jones aliandamana na askofu safari ya kwenda Uganda. Askofu alipouawa Busoga, ni Jones aliyewakusanya wapagazi waliosalia na kuwarudisha Rabai, wakafika mapema mwaka 1886. Tukauliza pale kwenye kengele: huyu, kwao ni wapi? Yule mama akajibu, "Alirudi Rabai, sivyo? Mtu hurudi kwao."

Halafu yuko Matthew Wellington, mmoja wa wale waliobeba maiti ya David Livingstone kutoka bara hadi pwani. Wazazi wake hawakumwita Matthew. Jina lake lilikuwa Chengwimbe. Aliishi mpaka uzee mkubwa, akafariki hapa Mombasa mwaka 1935. Jina hilo, Chengwimbe, lilitugusa, maana kati yetu wako ambao majina yao yamekatwa na kuandikwa upya kwenye karatasi mara mbili na mara tatu, kila afisi kwa herufi zake, hadi ndugu wawili wa tumbo moja wana majina tofauti ya ukoo. Mmoja wetu ana jina ambalo babake hawezi kulitambua akiliona limeandikwa.

Na wako watoto wa watu wale. James Mbotela wa Frere Town aliandika kitabu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, akieleza habari za utumwa na kukombolewa kama zilivyosimuliwa na wazee wake. Hakuyaona mwenyewe. Aliyasikia nyumbani, kama sisi tunavyoyasikia ya Uvira na ya Bujumbura. Na ninyi wazee mliokuwa na redio mwamkumbuka Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huo huo, aliyefariki Februari 2025. Alikuwa akiwauliza Wakenya kila wiki kama mambo wanayofanya ni ya kiungwana. Tuliposoma wazee wake walifikaje hapa tulinyamaza kidogo. Nchi nzima ilirekebishwa tabia, tena kwa Kiswahili safi, na mtu ambaye wazee wake hawakuja hapa kwa hiari yao.

Hatusemi kwamba sisi ni wao. Wao walichukuliwa kwa minyororo. Wazazi wetu walikimbia kwa miguu yao, na yako mengine yasiyofanana. Tena watoto wa Frere Town wenyewe hawakupata raha ya haraka. Majirani waliwaita watu wa misheni, yaani watu wasio na kabila, na habari ya ardhi yao ni ndefu, wala hatukupewa dakika za kutosha kuigusa leo. Tunachosema ni kwamba kanisa hili tulilosimama ndani yake limetoka kwenye mkono ule. Baadhi ya watu wa mwanzo kuimba nyimbo za Kikristo kwa Kiswahili upande huu wa maji walikuwa watu walioimba kwa lugha ya kuazima. Sote twajua Zaburi ile ya mateka wa Babeli, walioambiwa waimbe nyimbo za kwao, wakatundika vinubi vyao mitini. Wa Frere Town hawakutundika. Au labda walitundika kwanza, kisha siku moja wakavishusha. Hilo hatukulikuta limeandikwa popote, na tungependa sana kulijua.

Jambo moja zaidi kuhusu kengele. Wazee husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu wakati wafanyabiashara ya watumwa walipokuwa wakija. Watu waliokwisha kuachwa huru walikuwa bado wanasikiliza kengele usiku.

Hofu hiyo ya kuchukuliwa tunaijua kidogo. Jumapili tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja kule Likoni wakati wa ibada, wakaua waumini. Wengine mliomo humu mlikuwa na jamaa pale, na hatutaendelea kulisimulia. Siku chache baadaye serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wote waliokuwa mijini waende kambini, Dadaab na Kakuma. Sisi tulikuwa wanafunzi, wengine wadogo wa shule ya msingi. Baba zetu waliacha kwenda kazini. Mlango ukigongwa tulizima taa.

Wiki hiyo kwaya ilikuwa ikijiandaa kwa Pasaka. Tunataka vitu viwili viandikwe katika historia ya kwaya hii. Cha kwanza, mwalimu wa kwaya alihamisha mazoezi kutoka jioni hadi saa nane mchana, katika jua la Machi mnalolijua, ili wazazi na ndugu zetu waliokuwa wakiimba warudi nyumbani mapema. Hakutoa sababu. Alisema tu kwamba sauti hukaa vizuri mchana, jambo ambalo si kweli. Cha pili, akina mama wa sauti ya kwanza walitembea nao hadi stejini, mbele wawili, nyuma wawili, wakiongea kwa sauti kubwa habari za bei ya nyanya.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kweli, tuseme pia kwamba wako walioacha kutusalimia. Watu walikuwa wamezika, na mgeni akawa mgeni tu, awe Mkongo au nani. Hatukuwalaumu sana. Wawili kati yao walikuja baadaye wakaomba radhi, na mmoja ndiye aliyetushonea sare hizi.

Familia ya mwenzetu mmoja ilikwenda Kakuma. Walirudi baada ya miaka miwili. Kabla ya kuondoka alikuwa akiimba sauti ya pili. Aliporudi ilikuwa imevunjika, akaingia sauti ya nne. Ndiye aliyeuliza swali la tarumbeta.

Sasa tuje kwenye jambo gumu, na tunaomba uvumilivu wenu.

Wengi hudhani kwamba aliyezaliwa Kenya ni Mkenya. Si hivyo. Katiba ya 2010, ibara ya 14, yasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mama yake au baba yake ni raia. Mahali ulipozaliwa hapahesabiki. Ibara hiyo hiyo yasema mtoto akipatikana nchini, akionekana hajatimiza miaka minane, na wazazi wake hawajulikani, atahesabiwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ni sheria njema, yenye huruma, na twaipenda. Lakini mwenzetu mmoja alipoisoma alisema, "Basi kosa langu ni kwamba mama yangu anajulikana." Tumempa cheti cha kuzaliwa cha Mombasa, alama nzuri za mtihani wa taifa, na kitambulisho cha mkimbizi.

Mwaka 2019 kwaya hii ilifanya uchaguzi, na mmoja wetu akachaguliwa mweka hazina. Alishangaa yeye mwenyewe. Ni mtu wa hesabu, na daftari lake la michango halijawahi kukosa shilingi. Kamati ilipokwenda benki moja hapa mjini kubadilisha sahihi, karatasi yake haikukubaliwa. Walitaka kitambulisho cha taifa. Kamati ilirudi, ikakaa, na baada ya wiki mbili akaambiwa kwa upole kwamba amefanywa msaidizi wa mweka hazina. Kanisani halikutangazwa lolote. Wengi wenu mtakuwa mnalisikia leo.

Hatusemi haya kumwaibisha mtu yeyote. Twajua kamati ilikuwa na haraka ya kulipia vyombo, na twajua hakuna aliyefurahi. Lakini tumekaa nalo miaka sita. Benki ilimkataa kwa kanuni zake, na hilo alilizoea tangu utotoni. Kilichomuumiza ni kwamba kura zenu zilikuwa halali mpaka benki iliposema, zikaacha kuwa halali hapa kanisani pia. Aliendelea kuandika daftari. Anayetia sahihi ni mwingine, anayehesabu ni yeye, na kila mwisho wa mwaka ripoti husomwa kwa jina la yule mwingine. Mwezi ujao kuna uchaguzi. Twaomba, mbele ya Baba Vika na wazee, kwamba cheo cha kwaya kitenganishwe na sahihi ya benki. Wanaotia sahihi watie. Aliyechaguliwa na aitwe kwa jina la kazi yake, na ripoti yake aisome mwenyewe.

Tumeulizwa mara nyingi kama kuna tumaini la sheria. Mwajua habari za Wamakonde, jirani zetu wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wengine baadaye wakikimbia vita. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi hadi Ikulu, na Februari 2017 wakakabidhiwa vitambulisho. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa hapa Pwani. Tulishangilia kama wengine. Hatudanganyiki kwamba njia yao ni yetu. Wao walihesabiwa kuwa watu wasio na nchi yoyote, nasi kwenye karatasi tuna nchi, ila hatujawahi kuiona. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kuzifanya Dadaab na Kakuma ziwe miji ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia shule na hospitali pamoja. Sisi hatuko kambini, kwa hiyo tunausoma gazetini kama ninyi.

Wako waliopata njia nyingine. Katika miaka hii ya karibuni wenzetu wanne walipelekwa Marekani, na mmoja Canada. Wako bado kwenye kundi letu la WhatsApp, na husikiliza mazoezi huku kwao ni usiku wa manane. Mmoja anaimba katika kwaya ya Waafrika huko Kentucky. Atuambia kwamba kule akiulizwa ametoka wapi hujibu Changamwe. Wakitazama karatasi zake, zasema Kongo. Wanafikiri hajui anakotoka.

Na tuwakumbushe ya Desemba, maana hapo ndipo mlipotujibu swali letu bila kujua. Mwenzetu mmoja na wazazi wake na wadogo zake watatu walikuwa wamepata safari ya kwenda Marekani mwishoni mwa Januari. Walikuwa wamengoja miaka tisa. Kwaya ikawafanyia kuaga, keki ikakatwa, tukaimba, watu wakalia. Wakauza vitu vyao: kabati, jiko la gesi, magodoro, runinga, hata ndoo. Wengi walionunua ni ninyi. Kisha Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha upokeaji wa wakimbizi, na safari zikafutwa. Wakabaki na masanduku sita katika nyumba tupu ambayo walikuwa wamekwisha kumpa mwenye nyumba notisi.

Jumapili ile walikuja kanisani wakakaa nyuma kabisa. Walikuwa na haya, kama mtu aliyeagwa kwa machozi halafu akaonekana sokoni kesho yake. Baada ya ibada hakuna aliyetoa hotuba. Jumatatu jioni mama aliyenunua kabati alifika na mkokoteni. Akalishusha, akasema nyumba yake imekuwa ndogo ghafla. Saa moja baadaye likaja jiko. Magodoro yakarudi usiku, mawili yakiwa na mashuka mapya. Walipouliza juu ya pesa, kila mmoja alikuwa na haraka ya kuondoka. Runinga ndiyo haijarudi hadi leo, na aliyeinunua yuko humu ndani, twamwona, na twamwombea.

Ijumaa ile mwenzetu alikuja mazoezini. Kiti chake cha sauti ya tatu hakikuwa kimepewa mtu. Mwalimu hakumsalimia hata. Alimwambia tu kwamba amechelewa dakika kumi na afungue ukurasa wa wimbo.

Kwa hiyo tumemjibu mwenzetu wa sauti ya nne. Tarumbeta ikilia, sisi tutashuka Kengeleni. Hatuna shamba la baba zetu pale. Tuna kiti.

Tumalize na wimbo, maana mikono imeanza kuinuliwa kutuonyesha saa. Mwaka jana baada ya chakula cha kwaya, mama wa mmoja wetu alikuwa akiosha sufuria huko nyuma, akiimba peke yake wimbo wa Kibembe wa kwao Fizi. Ni mama yule yule aliyeambiwa asije shuleni. Mwalimu akasimama mlangoni akamwomba noti zake. Mama akasema hauna noti, una maji tu. Alisema "mayi". Mwalimu akachukua kalamu akauandika kwa do-re-mi, mstari kwa mstari, sufuria zikingoja. Tulipoletewa mazoezini ikaonekana aibu mpya: sisi wenye wimbo hatukuweza kuutamka. Binti mmoja wa Kigiriama wa sauti ya kwanza ndiye aliyeushika kuliko sote, na mama amekuwa akimtumia yeye kutufundisha sisi.

Basi tunawaomba mama zetu wapande hapa mbele, nasi tuwasindikize. Mama wa Fizi ataanza peke yake, kisha sauti ya kwanza. Sauti ya tatu msiingie kabla ya kayamba, kama mlivyofanya jana. Wazee waanzilishi, mkiweza kusimama, simameni. Msioweza, pigeni makofi mkiwa mmekaa. Maneno yako ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, kwa Kibembe upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, na makosa ya Kibembe ni yetu.